Gemu la DOS linakataa au linakrashi kwenye kompyuta mpya? Jua kwanza linaumwa nini

Jamaa yangu aliniletea flashi yenye folda inaitwa PRINCE, kaitoa kwenye kompyuta kuukuu ya marehemu baba yake, anataka wanawe waone gemu alilokuwa anacheza yeye akiwa darasa la tano. Alikuwa ameshabofya PRINCE.EXE kwenye laptopu yake mpya, Windows ikamjibu "This app can't run on your PC", akaamini faili limeoza. Halikuoza. Jioni ile ile lilikuwa linacheza, ila kabla ya kucheza liliganda mara mbili na sauti ikakataa mara moja, na kila tatizo lilikuwa na sababu yake na dawa yake. Ndo maana naandika hivi kwa urefu, maana watu wengi wanafuta magemu mazima kabisa wakidhani yamekufa.

Kitu cha kushika kabla ya yote: gemu la DOS (mfumo wa kompyuta wa amri za maandishi, wa kabla ya Windows) liliandikwa likiwa na imani fulani kuhusu mashine. Linaamini prosesa ina kasi kiasi fulani, memori iko kiasi fulani, kadi ya sauti iko mlango fulani, skrini inaongea lugha fulani. Likikrashi maana yake imani mojawapo imevunjika, kazi yako ni kujua ipi. Ukianza kubadilisha setingi tano kwa mpigo hutajua iliyoponya ni ipi wala iliyoharibu ni ipi. Badilisha moja, jaribu, andika pembeni, rudi.

KWA NINI WINDOWS YENYEWE INAKATAA

Magemu mengi ya DOS ni programu za biti 16. Windows ya biti 32 ilikuwa na kipande kinaitwa NTVDM kinachoziendesha, lakini Windows ya biti 64 haina kabisa, kwa sababu prosesa ikishaingia kwenye hali ya biti 64 ule uwezo wake wa kujifanya 8086, prosesa ya zamani ya biti 16, unazimika. Na Windows 11 inatoka kwa biti 64 tu. Kwa hiyo ile kubofya kulia, kuchagua compatibility mode, kuweka Windows 95, unapoteza muda wako bure, hakuna kitu pale nyuma cha kuliendesha.

Wengine wanasema basi nitaweka DOS halisi, FreeDOS ni ya bure na ipo tangu 1994. Ni kweli, kwenye kompyuta kuukuu inapendeza sana. Kwenye laptopu ya leo utakwama mara mbili: nyingi zinawaka kwa UEFI (programu mpya ya kuwasha kompyuta) tupu bila BIOS ya zamani, na hata ikiwaka, chipu ya sauti iliyomo haijifanyi Sound Blaster, kadi ya sauti ambayo magemu ya DOS yanaitegemea, kwa hiyo utacheza kimya kimya.

Njia inayofaa kwa karibu kila mtu ni DOSBox. Hii inaigiza mashine nzima ya zamani, prosesa, kadi ya sauti, skrini na DOS yenyewe, ndani ya dirisha moja. Imekuwepo tangu 2002 na toleo la 0.74-3 ndilo nitakalolitumia kwenye mifano. Kuna ndugu zake DOSBox Staging na DOSBox-X, maelezo mengi hapa yanafanya kazi huko pia japo majina ya setingi yanatofautiana hapa na pale.

ANZA NA FOLDA, USIDHARAU

Tengeneza folda C:\MICHEZO, humo kila gemu na folda yake. Usiweke ndani ya Program Files, Windows inazuia kuandika humo na gemu likijaribu kuseva linaanguka au linatoka bila kusema neno. Majina yawe mafupi, herufi zisizozidi 8, bila nafasi, kwa sababu DOS haioni majina marefu, folda yako ya "Gemu la Mjomba" itageuka GEMULA~1 na utahangaika bure.

Halafu kopi zote ulizotoa kwenye CD angalia zisiwe read-only. Hili limenisumbua sana mimi, gemu linafunguka vizuri, unacheza dakika kumi, unaseva, linakufa. Bofya kulia kwenye folda, properties, toa ile alama ya read-only, kubali ihusu faili zote za ndani.

Fungua DOSBox uandike:

mount c c:\michezo
c:
cd prince
dir
prince

Ile "cd prince" usiiruke. Magemu mengi yanatafuta faili zao kwenye folda uliyosimama, ukiliita kutoka nje litalalamika halioni kitu au litaganda kwenye skrini nyeusi.

SOMA LINACHOSEMA LIKIFA

Hapa ndo watu wengi wanakosea. Gemu linakrashi, dirisha linapotea, mtu anaenda kuuliza "gemu langu halifanyi kazi nifanyeje", sasa nani atamjibu?

DOSBox ikifunguka kwenye Windows inakuja na madirisha mawili, la gemu na lile jeusi la maandishi. Lile jeusi usilifunge, ndo daftari la daktari. Kama unatumia njia ya mkato yenye noconsole, maandishi hayo yanaingia kwenye faili mbili, stdout.txt na stderr.txt. Na kama kwenye sehemu ya [autoexec] ya faili la setingi la DOSBox (amri zinazojiendesha inapowaka) umeandika "exit" baada ya jina la gemu, itoe kwanza, ndo inayofunga kila kitu kabla hujasoma.

Ujumbe ukipita mbio, uandikishe kwenye faili:

prince > kosa.txt

halafu "type kosa.txt". Haifanyi kazi kwa magemu yote ila mara nyingi inakupa mstari mmoja unaoutaka.

Na uangalie pia kama kweli ni krashi. Prince of Persia la 1990 lina chumba cha chupa zenye herufi, lazima ujue herufi sahihi kutoka kwenye kitabu chake, ukinywa isiyo sahihi unakufa. Magemu mengine yanauliza neno kutoka ukurasa fulani, ukikosea yanakurudisha DOS. Hiyo ni kinga ya wizi wa miaka ile, gemu lenyewe zima.

"RUNTIME ERROR 200"

Nitakaa hapa kidogo kwa sababu hii inawatisha watu kuliko zote na ina sababu nzuri kuijua. Unaandika jina la gemu, kabla hata ya picha ya kwanza unapata mstari mmoja:

Runtime error 200 at 0A3C:0091.

Tarakimu za mwisho zinabadilika, 200 haibadiliki. Maana yake hesabu ya kugawanya imeshindikana. Gemu liliandikwa kwa Turbo Pascal ya Borland, na programu za hivyo zikitumia kipande kinachoitwa CRT huwa zinajipima kasi zinapowaka: zinahesabu zinaweza kuzunguka mara ngapi ndani ya tiki moja ya saa ya kompyuta, ambayo ni kama milisekunde 55, halafu zinagawanya kwa 55 ili zijue milisekunde moja ni mizunguko mingapi. Jibu linatakiwa liingie kwenye kijisanduku cha biti 16, mwisho wake 65,535. Prosesa za miaka ya mwisho ya tisini, zile za kuanzia megahezi 200 hivi, zikazunguka haraka mno, jibu likafurika, programu ikafa. Yaani gemu linaanguka kwa sababu mashine yako ni nzuri kupita lilivyotegemea.

Dawa kwenye DOSBox ni rahisi, punguza kasi kabla ya kuliwasha. Fungua faili la setingi (kwenye Windows lipo menyu ya Start kwa jina DOSBox 0.74-3 Options, kwenye Linux lipo ndani ya folda .dosbox nyumbani kwako), tafuta [cpu] uandike:

cycles=fixed 5000

Liwashe. Likishapita pale mwanzoni ndo unapandisha kasi kwa Ctrl+F12 mpaka likae sawa, maana kipimo linakichukua mara moja tu linapowaka. Kama unacheza kwenye mashine halisi yenye DOS, kuna viraka vya kurekebisha faili la EXE lenyewe, hakikisha una kopi kabla ya kugusa.

KASI KWA UJUMLA

Hata bila erori hiyo, kasi inaua magemu mengi. Mengine yanakimbia kama video iliyoharakishwa, mengine yanaganda pale yanapopima muda, mengine sauti yake inakwama kwa sababu yanaituma kabla kadi haijawa tayari.

Angalia juu ya dirisha la DOSBox, pameandikwa Cpu speed na namba. Kwa kawaida inaanza na 3000 kwa magemu ya kizamani na kupanda hadi mwisho wa uwezo kwa yale ya kisasa kidogo. Makadirio ninayotumia: gemu la mwanzoni mwa themanini lipe kama 300, la prosesa ya 286 lipe 1500 hadi 3000, la 386 lipe 6000 hivi, la 486 ya megahezi 66 lipe kama 25000. Sio sheria, ni pa kuanzia. Ctrl+F11 inashusha, Ctrl+F12 inapandisha. Laptopu nyingi zinataka ushike na Fn, usije ukadhani vitufe vimekufa.

Usiweke cycles=max kwa kila kitu eti ndo bora. Kwa gemu la 1988 ni sumu.

MEMORI: KUZIDI NAKO NI TATIZO

Ujumbe "Packed file is corrupt" unaonekana kama faili limeharibika, na mtu anaenda kudaunlodi tena mara tatu. Mara nyingi faili ni zima. Programu ilibanwa kwa kitu kinaitwa EXEPACK, na kile kifunguzi chake kinachanganyikiwa kikipakiwa chini kabisa kwenye kilobaiti 64 za mwanzo za memori. Zamani sehemu ile ilikuwa imejazwa na DOS yenyewe kwa hiyo hakuna aliyegundua. Dawa ni kuijaza:

loadfix prince

Amri hiyo inakula zile kilobaiti 64 kisha inaliwasha gemu juu yake. Ukimaliza andika "loadfix -d" uziachie.

Likisema memori haitoshi wakati unajua ipo tele, fikiria kinyume: kuna magemu yanahesabu memori kwa namba ndogo, ikizidi hesabu inapinduka na kuonekana haipo. Kwenye [dosbox] shusha memsize kutoka 16 kwenda 8, hata 4. Mengine yana meneja wao wa memori na hawataki mwenzao. Ultima VII ya 1992 ndo mfano maarufu, ina mfumo wake unaoitwa Voodoo na ilikuwa haipatani kabisa na EMM386, meneja wa memori wa DOS. Kwa gemu kama hilo nenda [dos] uweke ems=false, ikigoma na umb=false.

Magemu yanayoonyesha DOS/4GW wakati yanawaka, kama Doom na Duke Nukem 3D, hayo yanatumia memori ya juu na kwa kawaida hayana shida na 16. Yakifa na kumwaga skrini nzima ya namba zisizoeleweka, mimi naenda kwenye core kwanza, nitaeleza.

SAUTI NDO MUUAJI MKUBWA

Kwa uzoefu wangu, gemu likiganda baada ya nembo ya kampuni na kabla ya menyu, nusu ya mara ni sauti. Kilichotokea kwa folda ya jamaa yangu ndo hicho. Kompyuta ya mzee wake ilikuwa na kadi ya sauti kwenye IRQ 5 (namba ambayo kadi inatumia kuiita prosesa), gemu likahifadhi hivyo kwenye faili lake la setingi, na faili likahama na flashi. DOSBox inaigiza Sound Blaster 16 kwenye mlango 220, IRQ 7, DMA 1 (DMA ni njia ya kupitisha sauti kutoka memori moja kwa moja). Gemu likawa linatuma sauti kisha linasubiri kujibiwa kwenye IRQ 5, ambako hakuna mtu. Litasubiri hadi kesho.

Ndani ya folda tafuta SETUP.EXE, INSTALL.EXE, SETSOUND.EXE au jina linalofanana, iwashe ndani ya DOSBox, chagua Sound Blaster au Sound Blaster 16 na uandike 220, 7, 1. Ikikuuliza muziki, chagua Adlib au Sound Blaster, na kama ni General MIDI mlango ni 330. Usimwachie itafute yenyewe kama kuna njia ya kuandika kwa mkono, kule kutafuta kwenyewe ndo kunagandisha.

Kama hakuna programu ya kuseti, fungua faili la setingi kwa notepad. Kwenye Doom linaitwa DEFAULT.CFG na ndani utaona:

snd_sbport 544
snd_sbirq 7
snd_sbdma 1

Usishtuke na 544, ni ile ile 220 iliyoandikwa kwa hesabu yetu ya kawaida ya kumi, maana 220 ya kadi za sauti ni ya msingi wa 16. Nilishawahi kuona mtu kaifuta kaandika 220 akijua anarekebisha, akazima sauti mwenyewe.

Kama bado, jaribu kuzima sauti kabisa kwenye setup ya gemu. Likicheza kimya, umeshajua ugonjwa uko wapi. Basi kwenye [sblaster] badilisha sbtype=sb16 kuwa sbpro1 au sb2, magemu ya kabla ya 1992 hayakuijua SB16 na mengine hayaipendi.

SKRINI NYEUSI NA PICHA ILIYOVURUGIKA

Kama unasikia sauti lakini huoni kitu, au ukibonyeza Alt+Enter ndo kila kitu kinakufa, hilo ni la kompyuta yako na sio la gemu. Kwenye [sdl] badilisha output=surface kuwa output=opengl, au kinyume chake, na kwenye fullresolution andika saizi halisi ya skrini yako, mfano 1366x768.

Likilalamikia VESA (kanuni za picha za ubora wa juu), hakikisha [dosbox] ina machine=svga_s3. Picha ikiwa imepasuka pasuka kwenye gemu la katikati ya miaka ya tisini, jaribu machine=vesa_nolfb. Na kwa gemu la rangi nne za zamani sana unaweza kuweka machine=cga, linafanya maajabu. Weka na aspect=true kwenye [render], maana picha ya 320 kwa 200 ilikusudiwa kujaza skrini ya 4 kwa 3, bila hivyo watu wote wanaonekana wamebonyezwa kichwani.

IKIGOMA YOTE: CORE NA CPUTYPE

Hapa ndo pa kwenda ukiona kwenye lile dirisha jeusi maneno kama "Illegal Unhandled Interrupt Called 6". Maana yake prosesa ya kuigiza imekutana na amri isiyoielewa. Kwenye [cpu] weka core=normal badala ya auto. Inakula nguvu zaidi ya kompyuta lakini ni makini zaidi, ile dynamic inakata njia ya mkato na magemu mengine yanaangukia hapo hapo. Bado? Jaribu cputype=386_slow, halafu 486_slow, na kwa magemu machache yenye kujibadilisha yenyewe yakiwa yanatembea kuna 386_prefetch.

Bado tena? Sasa ndo unashuku faili. Linganisha saizi za faili na kopi nyingine, kama lilikuja kwenye zip ipime zip yenyewe. Disketi za zamani zinapoteza kipande kidogo tu na gemu linafika hatua ya tatu vizuri kabisa halafu linakufa pale pale kila siku. Krashi ya sehemu ile ile kila mara ni faili, krashi ya popote popote ni kasi au sauti. Hii imeniokoa muda mwingi sana.

Gemu la CD lisilopata CD yake ulimaunti kwa picha ya diski:

imgmount d c:\michezo\diski.cue -t iso

na utumie faili la .cue, sio .bin peke yake, la sivyo muziki wa CD hautasikika na magemu mengine yanatoka kabisa.

Kwa baadhi ya magemu huna haja ya haya yote. Chanzo cha programu ya Doom kilitolewa wazi Desemba 1997, kwa hiyo kuna matoleo kama Chocolate Doom yanayotumia faili zako za zamani moja kwa moja kwenye Windows ya leo.

LIKISHAPONA, LIFUNGIE DAWA YAKE

Usiache setingi zako kwenye faili kuu, kesho utafungua gemu lingine nalo litaharibika. Tengeneza faili dogo PRINCE.CONF ndani ya folda ya gemu, uandike vile tu ulivyobadilisha. La jamaa yangu lilikuwa hivi:

[cpu]
core=normal
cycles=fixed 4000

[sblaster]
sbtype=sbpro1

[autoexec]
mount c c:\michezo
c:
cd prince
prince

Kisha njia ya mkato ya DOSBox ongezea mwishoni -conf c:\michezo\prince\prince.conf, iweke kwenye desktopu. Folda nzima ikopi tena kwenye flashi pamoja na hilo faili la conf, ili atakayekuja kuifungua kwenye kompyuta nyingine asianze upya kutafuta IRQ. Jamaa alikopi mbili, moja akaipeleka kwa dada yake, na wanawe walikuwa wameshafika kwenye zile chupa zenye herufi wakawa wanamuuliza ipi ya kunywa.